CHUMBA CHA NYOTA
Mahakama ya Wafalme wa Uingereza, na mabaraza yetu wenyewe

Mtu anayesoma habari za Kanisa la Uingereza, ambalo ndilo lililozaa Kanisa letu la Anglikana, hukutana na jina la mahakama moja ambayo watu huitaja kwa kutetemeka hata leo. Jina lake ni Chumba cha Nyota. Ilifutwa mwaka 1641, miaka mingi kabla mmisionari yeyote hajapanda milima ya Buha. Hata hivyo tumeona vema kuisoma, kwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury alikuwa mmoja wa walioketi humo kuhukumu. Tena mambo yaliyotendeka humo yamepata ndugu zao katika nchi yetu, si mbali na hapa Murungu.

Chumba chenyewe kilikuwa katika jumba la mfalme la Westminster, kando ya mto Thames. Dari yake ilipambwa kwa nyota, na jina hilo laonekana katika maandishi tangu karne ya 14. Mwanasheria mmoja mashuhuri wa karne ya 18, William Blackstone, alidhani jina hilo latokana na neno la Kiebrania la hati za madeni ya Wayahudi, ambazo alisema zilitunzwa humo zamani. Sisi twaona nyota za darini zatosha.

Kimbilio la wanyonge

Mahakama hii haikuanzishwa kwa siku moja. Mfalme alikuwa na Baraza lake la washauri, nao walizoea kukutana katika chumba hicho. Mtu aliyeonewa na mkubwa wa kwao, akakosa haki katika mahakama za kawaida, alimwandikia mfalme ombi, na Baraza likalisikiliza. Vitabu vingi husema kwamba Mfalme Henry VII ndiye aliyeianzisha kwa sheria ya mwaka 1487. Sheria hiyo ilikuwapo kweli, lakini iliunda kamati ndogo nyingine, na jina la Chumba cha Nyota liliandikwa juu yake baadaye. Chumba kilikua chenyewe, kama njia inavyokua kwa miguu ya wapitao.

Tusidhani kwamba watu walikichukia tangu mwanzo. Walikipenda sana! Siku zile bwana mwenye ardhi nyingi alikuwa na watumishi wenye silaha. Aliweza kumnyang'anya maskini shamba, na maskini akienda kushitaki alikuta wale raia kumi na wawili wa juri, waliotakiwa kuamua neno, ni wapangaji wa bwana yule yule. Nani angethubutu kusema kweli, naye ataamka kesho akiwa bado anaishi katika nyumba ya mshitakiwa? Chumba cha Nyota hakikuwa na juri. Waliokaa humo walikuwa washauri wakuu wa mfalme pamoja na majaji wakuu wawili, na hao hawakumwogopa bwana yeyote wa shamba.

Aliyekikuza zaidi ni Kardinali Thomas Wolsey, mtoto wa mchinja nyama wa Ipswich, aliyekuwa Chansela wa mfalme kuanzia 1515 hata 1529. Yeye aliwaita wanyonge walete mashauri yao, na wakubwa aliwatoza faini bila kuwaonea haya. Mashauri yakaja mengi mno, mengine ya kweli, mengine ya fitina tu za majirani waliotaka kusumbuana juu ya mipaka. Kufika mwaka 1540 hivi, Chumba kilikuwa kimekwisha kutengana na Baraza la mfalme, kikawa mahakama kamili yenye karani wake na vitabu vyake. Katika majira ya mahakama kilikaa siku za Jumatano na Ijumaa.

Makosa yaliyohukumiwa humo yalikuwa fujo, hati za uongo, viapo vya uongo, udanganyifu, njama, hongo kwa watu wa juri, na kashfa. Edward Coke, jaji aliyejulikana kwa ukali wake wa kutetea sheria za kawaida hata mbele ya mfalme, aliandika kuisifu mahakama hii kuwa ya heshima kupita zote katika nchi za Wakristo, ukiacha Bunge. Hilo tulishike akilini, maana ni rahisi mno kusoma mwisho wa habari na kusahau mwanzo wake.

Jinsi kazi ilivyofanyika

Mlalamikaji aliandika madai yake kwa Kiingereza juu ya ngozi. Mshitakiwa aliitwa, akaapishwa, akatakiwa kujibu kwa maandishi. Kisha aliandaliwa maswali, akaulizwa faraghani chini ya kiapo kile kile. Mashahidi nao waliulizwa faraghani, maneno yao yakaandikwa. Siku ya hukumu makaratasi yalisomwa hadharani, na washauri wakatoa maoni yao mmoja mmoja, kuanzia mdogo hata mkubwa, Chansela akimaliza. Twaona kwamba hukumu yenyewe haikuwa ya siri, kama watu wengi wanavyodhani. Kilichokuwa cha siri ni kuulizwa kwa mashahidi.

Chumba hakikuwa na mamlaka ya kumwua mtu. Lakini kiliweza kumtoza faini ya kumfilisi, kumfunga gerezani muda wowote, kumchapa viboko, kumpiga chapa ya moto usoni, kumkata masikio, au kumsimamisha sokoni kichwa na mikono vikiwa vimebanwa katika matundu ya ubao, watu wakimtazama.

Basi angalieni kwa makini ule utaratibu. Unamfaa mnyonge anapomshitaki mkubwa, maana mkubwa hapati juri ya kuitisha. Utaratibu ule ule, mfalme akiutumia juu ya mtu wa kawaida, mtu huyo hana juri ya kumwokoa. Anaapishwa kabla hajui vizuri atakaloulizwa. Akisema kweli, amejihukumu mwenyewe. Akisema uongo, amevunja kiapo mbele za Mungu. Akinyamaza, anafungwa kwa kunyamaza. Na wanaomhukumu ni washauri wale wale waliotoa amri anayoshitakiwa kuivunja.

Habari ya vitabu ndiyo iliyoonyesha hayo waziwazi. Mwaka 1586 Chumba kilitoa amri kwamba mitambo ya kupiga chapa iwe London tu, na mmoja mmoja katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, na kwamba vitabu visipigwe chapa bila kibali cha Askofu Mkuu wa Canterbury au Askofu wa London. Mwaka 1605 kikaamua kwamba maneno ya kashfa juu ya mtu wa serikali ni kosa hata kama ni ya kweli. Tena yakiwa ya kweli huleta fujo zaidi, ndivyo walivyoona. Uamuzi huo tutakutana nao tena hapa chini.

Mwaka 1637

Mfalme Charles I alitawala bila Bunge tangu 1629 hata 1640. Bila Bunge hakuweza kupata kodi mpya kwa njia ya kawaida, kwa hiyo faini zikawa tamu kwake. Askofu Mkuu wake, William Laud, alitaka ibada ifanane kila mahali: meza ya Bwana iwekwe upande wa mashariki na kuzungushiwa uzio, Kitabu cha Sala kifuatwe neno kwa neno. Sisi tunaokitumia Kitabu cha Sala hatuwezi kusema kwamba kila alilolitaka lilikuwa baya. Lakini alikaa katika Chumba cha Nyota kuwahukumu waliompinga kwa maandishi, naye ndiye aliyekuwa amepingwa.

Mwezi wa Juni 1637 watu watatu waliletwa pamoja. William Prynne alikuwa mwanasheria, Henry Burton kasisi wa parokia moja ya London, John Bastwick daktari. Walikuwa wameandika vijitabu vya kuwashambulia maaskofu, tena kwa maneno makali yasiyo na adabu, tusifiche. Kila mmoja alihukumiwa faini ya pauni 5,000, kukatwa masikio, na kifungo cha maisha. Prynne alikuwa amekwisha kukatwa mara moja, mwaka 1634, kwa kitabu alichoandika juu ya michezo ya kuigiza. Safari hii yalikatwa mabaki. Tena alipigwa chapa mashavuni, herufi S na L, maana yake mwandishi wa kashfa za uchochezi. Yeye akasema zamaanisha alama za Laud.

Serikali ilitazamia watu wawazomee. Badala yake umati ulilia, wengine wakatandaza maua na majani yenye harufu nzuri mahali walipopita. Mtu wa kawaida aliyesimama pale alielewa jambo moja: hawa ni mwanasheria, kasisi na daktari, watu wa heshima, nao wamefanywa kama wezi wa sokoni. Wakapelekwa kufungwa katika visiwa vya mbali, wasiweze kusema na mtu.

Mwaka uliofuata akaja kijana, John Lilburne, aliyeshitakiwa kwa kuingiza vitabu kutoka Uholanzi. Alikataa kula kiapo kabisa. Alisema hatajibu maswali ya kumtega mpaka aambiwe ameshitakiwa nini na nani. Mwezi wa Aprili 1638 alifungwa nyuma ya mkokoteni, akachapwa mgongo wazi toka gereza la Fleet hata Westminster, kama maili mbili, kisha akabanwa katika ubao. Hata hapo aliendelea kuhubiri, mpaka wakamziba mdomo.

Kilichoivunja mahakama hii kilianza na Kitabu cha Sala. Mwaka ule ule wa 1637 Charles na Laud waliwaletea Waskoti kitabu kipya cha ibada bila kuwauliza. Waskoti wakaasi. Mfalme akahitaji fedha za vita, na fedha za kutosha haziwezi kupatikana bila Bunge. Bunge lilipokutana Novemba 1640, jambo mojawapo la kwanza lilikuwa kuwafungua wafungwa hao. Mwezi wa Julai 1641 Charles alilazimika kutia sahihi sheria ya kukifuta Chumba cha Nyota, na siku zile zile ikafutwa Mahakama ya Kamisheni Kuu, iliyokuwa mahakama ya Kanisa yenye desturi zile zile za kiapo.

Hapa tunataka kusema neno ambalo vitabu vingine hupita haraka. Bunge lilimshitaki Laud, na Prynne mwenyewe ndiye aliyekusanya ushahidi juu yake. Ushahidi haukutosha kumtia hatiani kwa uhaini. Basi Bunge likatunga sheria ya kumwua yeye tu, akakatwa kichwa tarehe 10 Januari 1645, mzee wa miaka 71. Wale waliokivunja Chumba walimhukumu mtu pasipo hukumu, miaka minne tu baadaye.

Baraza la mtemi hapa Buha

Wazee wetu wanakumbuka mabaraza ya watemi. Buha ilikuwa na falme zake, Heru, Muhambwe, Buyungu, Luguru na nyinginezo, na mwami alisikiliza mashauri pamoja na watu wake. Waingereza walipoanza kutawala kwa mkono wa watemi, Gavana Donald Cameron aliona vema mashauri ya Waafrika yabaki katika mabaraza yao. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 iliyaondoa mabaraza hayo chini ya Mahakama Kuu. Rufaa ilipanda kwa maofisa wa utawala, hata kwa Gavana mwenyewe. Mawakili hawakuruhusiwa.

Sababu zake zilikuwa nzuri, karibu zile zile za Wolsey. Haki iwe karibu, isiwe ya gharama, itolewe kwa lugha ya watu, na watu wanaozijua mila. Mtu wa Muhambwe mwenye shauri la ng'ombe wa ubugabire angefaidika nini kwa wakili wa Dar es Salaam?

Lakini mtemi huyo huyo ndiye aliyetoa amri: limeni mihogo ya kinga ya njaa, safisheni njia, lipeni kodi. Aliyevunja amri aliitwa mbele ya baraza, na katika kiti cha baraza alikaa nani? Faini na ada ziliingia katika hazina ya wenyeji, na katika hazina hiyo ndimo ulimotoka mshahara wa mtemi na wa watumishi wake. Akitaka kukata rufaa, alimwendea bwana aliyemsimamia mtemi. Hatusemi kwamba watemi wote walihukumu vibaya. Wako waliosifiwa, na Heru wanamkumbuka Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala katika miaka ya mwisho ya Waingereza. Twasema tu kwamba mtu mwema aliyekaa katika kiti hicho alipaswa kuwa mwema kupita kiasi.

Mwaka 1951 sheria mpya iliyarekebisha mabaraza hayo. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, utawala wa watemi ulifutwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huo ikaleta mahakama za mwanzo, zenye rufaa kupanda mahakama ya wilaya hata Mahakama Kuu. Hakimu akaacha kuwa mtawala.

Na ule uamuzi wa 1605? Chumba kilikufa, lakini kosa la kashfa lilihamia mahakama za kawaida, likalegezwa kidogo kidogo, likasafiri na sheria za Kiingereza mpaka Tanganyika. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishitakiwa kwa kosa hilo, kwa sababu ya makala katika Sauti ya TANU juu ya wakuu wawili wa wilaya. Tofauti ni kwamba alikuwa na wakili, tena sheria ilimruhusu mshitakiwa kuonyesha kwamba maneno ni ya kweli na yenye faida kwa watu. Alihukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6, faini ikalipwa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ililifuta kosa la jinai la kashfa mwaka 2017.

Mwaka 1983

Wasomaji wenye umri wanaukumbuka mwaka huo. Nchi ilikuwa imechoka kwa vita vya Idi Amin vya 1978 na 1979 na kwa bei ya mafuta. Sabuni, chumvi, sukari, mafuta ya taa, vyote vilikuwa adimu madukani, nasi tunaokaa karibu na mpaka wa Burundi tulijua vizuri neno magendo. Mwezi wa Machi msako ulianza, ukiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Watu walizika mali usiku, wengine wakatupa mito na maporini. Wananchi walishangilia, na tuwaelewe. Mama aliyepanga foleni tangu alfajiri kwa kipande cha sabuni, akasikia tajiri amekutwa na makasha chini ya kitanda, hakuuliza juu ya taratibu za mahakama.

Bunge likatunga sheria ya uhujumu uchumi, na nguvu yake ikarudishwa nyuma hata siku za kuanza kwa msako. Likaundwa baraza maalum, mwenyekiti akiwa jaji na pamoja naye wajumbe wasio wanasheria. Mshitakiwa hakuruhusiwa wakili, dhamana wala rufaa. Bila shaka wahujumu wa kweli walikamatwa. Lakini mtu asiye na kosa aliyekamatwa pamoja nao alikuwa na mlango upi wa kutokea?

Jambo la kutia moyo ni kwamba nchi yetu haikungoja kama Waingereza walivyongoja. Mwaka 1984 sheria hiyo ilifutwa. Ikaja nyingine iliyopeleka makosa hayo Mahakama Kuu, pamoja na mawakili na rufaa. Mwaka huo huo Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, na kuanzia 1988 mtu aliweza kuzidai mahakamani. Zanzibar nayo, iliyokuwa na Mahakama za Wananchi tangu miaka ya kwanza baada ya Mapinduzi, zisizo na wakili, iliziondoa mwaka 1985.

Mwenye Katiba nyumbani afungue ibara ya 13, fungu la 6. Humo atakuta haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Kwamba mshitakiwa asitendewe kama mwenye kosa kabla halijathibitika. Kwamba mtu asiadhibiwe kwa tendo ambalo lilipotendwa halikuwa kosa. Na kwamba asiteswe wala kupewa adhabu za kumdhalilisha. Akisoma polepole atawaona Lilburne na mgongo wake, Prynne na masikio yake.

Neno la mwisho ni la kazi. Mtu aliyeshindwa shauri katika mahakama ya mwanzo, akiona hakutendewa haki, ana siku 30 tangu hukumu za kupeleka rufaa mahakama ya wilaya. Katika parokia tumewaona ndugu wanaokaa miezi wakinung'unika barazani na baada ya ibada, na siku zile 30 zikapita bila wao kuandika hata mstari mmoja. Aombe nakala ya hukumu mapema. Asiyejua kuandika amtafute anayejua, asingoje.